Ngoma Zilizolia Baada ya Mvua

Kufuli lilikuwa bado limefungwa. Hilo ndilo jambo la kwanza Sajini Nchagwa aliloliona Jumatatu asubuhi, alipochutama kwenye majivu ya stoo nyuma ya ukumbi wa Homa Bay. Chuma cha kufungia kilikuwa kimeng'olewa mlangoni na misumari yake yote minne, kimepinda kama sikio la mbuzi, lakini kufuli lenyewe lilining'inia pale pale, limeuma. Aliyeingia hakuwa na ufunguo. Alivunja mbao.

"Si ndiyo hiyo?" Inspekta alisema kutoka ndani ya Land Rover. Hakushuka. Alikuwa na viatu vipya. "Amevunja, ameingia, amewasha. Andika."

"Na mzee Owigo aliingiaje, Afande?"

"Nani?"

"Mlinzi. Huyo aliyekufa. Kama kufuli lilikuwa nje, yeye alifikaje ndani?"

Inspekta akatazama saa. "Nchagwa, nyinyi Wakuria mkipewa ng'ombe mnahesabu mpaka kwato. Jumamosi asubuhi Mwalimu Mochama alisema getini, mbele ya watu hamsini, kwamba chama hiki kichomeke. Jioni stoo ya chama imechomeka na mtu ndani. Jumatano asubuhi faili linakwenda Kisumu, na shtaka ni mauaji. Mkubwa wa kule ameshapigiwa simu na mkubwa wa huku. Wewe unatafuta nini tena?"

Wakubwa wakishapigiana simu, kinachobaki ni kazi ya kuchutama, na hiyo haigombewi na mtu.

Land Rover ikaondoka. Yeye akatoa daftari lake na kuanza kuandika vilivyobaki. Mabati kumi na mawili. Vifungo vya majoho ya kwaya, kiganja kizima. Miguu ya viti. Mabaki ya masanduku kwenye kona ya nyuma, pale mzee alipookotwa. Dirisha moja, lina waya wa kuku uliopigiliwa misumari.

Na karai moja.

Lilikuwa chini ya boriti, katikati ya chumba. Alipoinua boriti alikuta ndani ya karai tabaka la makaa yaliyokwisha kuwa majivu meupe. Akalisogeza. Sakafu ya stoo ile ilikuwa ya mbao, imeinuliwa juu ya mawe kwa ajili ya mchwa, na mahali lilipokaa karai mbao zilikuwa zimetoboka duara, sawasawa na kitako chake. Kwenye kuta za pembeni mbao zilikuwa nyeusi tu, hazijaliwa. Moto ulianzia hapa, ukapanda. Mtu aliingiza makaa humu kwa utaratibu, akayaweka chini, akaenda zake.

Anayechoma nyumba kwa hasira hapiki kwanza.

*

Mochama alikuwa amekaa kwenye sakafu ya selo, mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka viwiko, ameiweka juu ya magoti kama mizigo ya mtu mwingine. Alikuwa mtu mfupi wa miaka arobaini, Mkisii, anafundisha muziki shule moja ya Suna, na mwalimu mkuu wake alikuwa ameandika barua ndefu ya kumsifu ambayo Inspekta aliiweka chini ya kikombe.

"Ulisema chama kichomeke?" Nchagwa akauliza.

"Nilisema. Nilisema pia mwenyekiti akisimama mbele ya kwaya anapunga fimbo kama anafukuza kuku. Hilo hamkuandika?"

"Tutaandika. Kwa nini ulisema?"

"Kwa sababu ni kweli. Mikono yake..."

"La kuchomeka."

Mochama akavuta pumzi. "Bwana Sajini, nimefundisha watoto wale miezi minne. Nimewatungia wimbo. Tunafika Homa Bay kwenye tamasha, naambiwa siku hizi kuna Chama cha Kitaifa cha Walimu wa Muziki Shuleni, na asiye na kadi ya chama hapandi jukwaani. Kadi inataka cheti. Cheti kinatoka chuoni. Chuoni nani angenipeleka? Baba yangu alinifundisha obokano, kinubi chetu cha nyuzi nane, nyumbani, na hakuandika cheti. Basi akasimama mwalimu wa hesabu mwenye kadi akawapungia watoto wangu fimbo. Mimi nikaambiwa nikae nje."

"Nje wapi?"

"Kwenye kibaraza cha stoo. Wasio na kadi walikuwa wawili, mimi na mbuzi wa mama wa chai."

"Kwaya ya mwisho ilipoimba ulikuwa hapo?"

"Hapo hapo, ndiyo kwanza nimerudi kutoka kwa watoto wangu. Shule ya wasichana ya Nyakongo, ya mwenyekiti mwenyewe. Ngoma zao zililia vizuri mpaka nikakasirika. Halafu nikasikia ngoma moja haifuati mapigo ya wenzake. Inapiga ovyo, inasimama, inapiga. Haikuwa ngoma. Ilikuwa mlango, mgongoni kwangu. Mzee alikuwa anagonga."

"Ukafanya nini?"

"Moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango. Nikakimbilia ukumbini, nikapiga kelele kwamba kuna moto na mtu anagonga, nikaomba ufunguo. Nilirudi bila ufunguo nikachukua jembe la bustani. Mlango ulipotoka, dari nayo ikatoka." Akatazama bendeji. "Nilimshika mguu. Nilimvuta hivi. Haikuwezekana."

"Nani alikunyima ufunguo?"

"Nikisema utaandika?"

"Nitaandika."

"Bwana Zedekia Ogalo. Mwenyekiti wa tawi. Alitoka mpaka mlangoni akaniambia nisiharibu wimbo."

Nchagwa akafungua karatasi aliyokuja nayo. "Hapa Bwana Ogalo ameapa kwamba tangu ile asubuhi ya getini hakukuona tena."

"Basi amekwisha sema," Mochama akajibu. "Yeye ana cheti."

Nchagwa akageuza ukurasa. "Na hii risiti ya duka la Suna iliyokuwa mfukoni mwako? Galoni ya mafuta ya taa, Ijumaa."

"Muulize mke wangu. Galoni ni yake."

*

Nchagwa aliondoka saa hiyo hiyo na lori la posta, akafika Suna saa nane za mchana, mdomo umejaa vumbi. Nyamoita, mke wa Mochama, alikuwa na kibanda karibu na soko. Aliuza chumvi, sabuni ya kipande na mafuta ya taa kwa chupa ndogo za dawa.

"Polisi mwingine," alisema kabla hajasalimiwa. "Wa kwanza alichukua koti la mume wangu. Wewe umekuja kuchukua suruali?"

"Nimekuja kutazama mafuta, mama."

"Kutazama ni bure." Akaliburuta debe dogo kutoka chini ya meza. Lilikuwa limebaki robo. "Lilifika Ijumaa jioni. Yeye alipanda basi Jumamosi alfajiri na watoto wa kwaya, mikono mitupu, hata chakula alisahau. Tangu Jumamosi nimeuza chupa kumi na saba. Unataka wanunuzi? Huyu hapa mmoja, yule pale wa pili, na mke wa katekista alichukua mbili za mkopo, huyo ukimpata mwambie namsubiri."

Nchagwa alizunguka soko saa nzima akiuliza mmoja mmoja. Chupa kumi na saba zilipatikana, na mke wa katekista akakasirika sana kuulizwa na serikali. Galoni haikuwa imetoka Suna. Akaandika, akapiga mstari chini.

Alipokuwa anaondoka Nyamoita alimfuata mpaka barabarani. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Watamnyonga?"

"Faili linaondoka Jumatano."

"Nimekuuliza kitu kingine, baba."

"Ndiyo," Nchagwa akasema. "Likiondoka vile lilivyo, ndiyo."

*

Ofisi ya tawi la chama ilikuwa chumba kimoja Homa Bay, juu ya duka la vitambaa. Jumanne saa mbili na nusu Bwana Ogalo alikuwa ameshafika, tai shingoni, kalamu mbili mfukoni. Alimpokea Nchagwa kwa upole wa mtu aliyezoea kupokea wanaoomba.

"Karibu, Sajini. Msiba huu umetuchafulia jina mpaka Nairobi. Sisi si kikundi cha ngoma za arusi, ni chama cha kitaifa. Tuna katiba. Tuna kanuni ishirini na mbili."

"Kuna yoyote inayohusu moto?"

"Ya saba." Akaisoma bila kutazama karatasi. "Vyombo vyote viwe vimekazwa kabla ya kufika uwanjani, na hakuna mtu atakayewasha moto mahali pa tamasha. Wageni wa heshima hawaji kuona watoto wamezunguka moto kama wachunga mbuzi."

"Aliyeandika hii anapiga chombo gani?"

"Kamati iliandika. Wengi wetu ni watu wa piano." Ogalo akatabasamu. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Nchagwa alikulia Kuria, katikati ya ngoma. Alijua jambo ambalo kamati nzima, na piano zake, ilikuwa imeliandikia kanuni kana kwamba ngozi ya ng'ombe husoma barua. Ngoma ikikazwa leo nyumbani, ikanyeshewa kesho njiani, inalegea. Ukiipiga inakohoa. Hailii mpaka ioteshwe moto, polepole, mtu anaigeuza huku anaigonga kwa kidole akisikiliza.

"Jumamosi mvua ilinyesha saa ngapi?" akauliza.

"Kuanzia saa sita mpaka saa tisa na nusu. Kubwa sana. Lori letu la Nyakongo halina turubai, wasichana walifika wamelowa."

"Na bado mkashinda kombe."

Hapo mwenyekiti alikosea, na lilikuwa kosa la furaha. Akavuta droo, akatoa faili, akatoa karatasi ya alama ya kwaya yake. Iliandikwa kwa mkono na jaji, mama mmoja Mzungu aliyeletwa kutoka Nairobi. "Tisini na nne kwa mia," alisema. "Haijapata kutokea katika wilaya hii. Soma mwenyewe."

Nchagwa akasoma kwa kidole, pole pole, Kiingereza chake kilikuwa cha polisi. Mbele ya neno ngoma palikuwa na kumi kwa kumi, na jaji ameongeza: sauti kavu, iliyo wazi. Akaendelea kushuka. Chini kabisa, baada ya jumla, palikuwa na mistari miwili ya maelezo kwa herufi ndogo. Akaisoma mara mbili. Akatazama kama Ogalo naye amewahi kufika chini kule. Ogalo alikuwa anatazama tisini na nne.

"Naomba niiazime. Nitakuandikia stakabadhi."

"Chukua, chukua. Inspekta naye aione."

*

Shule ya Nyakongo iko njia ya Ndhiwa. Mwalimu wa kwaya, Rispa, alikuwa darasani na wasichana wanne na ngoma tatu, na alipoona kofia ya polisi dirishani aliwaambia wasichana waende kuteka maji ingawa mapipa yalikuwa yamejaa.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, ana kadi mpya ya chama iliyopigwa pini kwenye kifua cha gauni.

"Ngoma nzuri," Nchagwa akasema. Akagonga moja kwa kidole. "Zilikauka wapi Jumamosi?"

"Tuliziweka juani, Afande."

"Jua lilikuwa wapi?"

Rispa akaivuta ngoma ndogo karibu na miguu yake.

"Mwalimu, lori halina turubai. Saa tisa na nusu ngoma zako zilikuwa matambara. Saa kumi na moja zimepewa kumi kwa kumi. Uwanjani hapakuwashwa moto. Kwa mama wa chai ngoma haikuota moto, nimemuuliza. Lakini amenieleza kwamba mwalimu mmoja aliazima kwake karai na makaa, na mpaka leo analidai karai lake."

Rispa akakaa juu ya ngoma kubwa, taratibu. "Nilisema sitaki," alianza. "Nilimwambia Mwenyekiti, twende zetu hata nyuma ya choo tuwashe majani. Akasema nani, mgeni wa heshima aone wasichana wangu wamechutama kwenye moshi? Na kanuni je? Akafungua stoo yeye mwenyewe. Nikaleta makaa. Tukageuza ngoma, wasichana na mimi. Mzee Owigo naye alikuja akaota moto na sisi, alikuwa amelowa. Alikuwa anatucheka. Anasema, nyithindo, watoto wangu, ngoma zenu zina homa."

"Halafu?"

"Mwenyekiti akaja mbio. Mgeni amekaa, toka, toka. Nikasema, na karai? Akasema nitalitoa mimi. Tukakimbia na ngoma. Niligeuka mara moja nikamwona anabana kufuli. Nilidhani ametoa. Nilidhani na mzee ametoka. Afande, Mungu ni shahidi, sikujua kwamba alikwenda kulala nyuma ya masanduku."

"Ulijua lini?"

"Usiku ule ule. Bwana Ogalo alinifuata kwangu. Akasema, Rispa, fikiri vizuri, aliyebeba makaa ni nani?" Akashika kadi iliyokuwa kifuani. "Mama yangu ananitegemea mimi peke yangu. Nitafungwa?"

Nchagwa alikuwa amewahi kudanganya mashahidi, ni sehemu ya kazi. Leo hakuona faida yake.

"Sijui. Wakubwa watatafuta pa kuangushia, na wewe uko karibu. Nitaandika kwamba uliamriwa, na kwamba umesema mwenyewe. Zaidi ya hapo sina uwezo. Lakini ukinyamaza Mochama atanyongwa. Hilo nalijua."

Nje wasichana walikuwa wamerudi na ndoo, wamesimama mlangoni. Rispa akawatazama. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete hiyo karatasi," akasema. "Niandike mwenyewe. Mwandiko wa polisi hausomeki."

*

Kabla ya kuingia kwa Inspekta saa kumi, Nchagwa alipitia kaunta ya stesheni. Akafungua kitabu cha matukio na kuandika yote: karai, kufuli, chupa kumi na saba, maelezo ya Rispa, karatasi ya jaji. Akaweka saa na sahihi. Ndipo akabisha.

Alimkuta Bwana Ogalo amekaa anakunywa chai. Alikuwa amekuja kuulizia karatasi yake.

"Sajini, mrudishie Mwenyekiti mali yake," Inspekta akasema.

"Nitamrudishia mahakamani, Afande." Akaiweka mezani na maelezo ya Rispa juu yake.

Inspekta alisoma ukurasa mmoja, akasoma wa pili. Masikio yake yakabadilika rangi. "Huyu msichana ndiye aliyebeba makaa," alisema.

"Ndivyo nilivyohofia," Ogalo akadakia, akiweka kikombe chini kwa uangalifu. "Nimemlinda kwa sababu ni kijana. Mimi nilimpa chumba cha kuhifadhi vyombo. Sikumpa moto. Na kuhusu huyo Mochama, nimeshaapa, sikumwona."

"Bwana Ogalo, wewe ulisoma karatasi hii mpaka mwisho?" Nchagwa akauliza.

"Naijua."

"Naomba usome mistari miwili ya chini. Kiingereza changu ni kidogo, nisije nikakuonea."

Ogalo akaichukua. Akasoma kimya. Hakuirudisha.

"Basi nitajaribu mimi," Nchagwa akasema. "Jaji ameandika: ubeti wa tatu, mwanamume aligonga mlango na kupiga kelele kuhusu moto. Mwenyekiti alitoka, akazungumza naye, akarudi kukaa. Kwaya haikuyumba hata kidogo, nawapongeza."

Nje, konstebo alikuwa anamkemea mtu aliyeegesha baiskeli vibaya.

"Ulikuwa unajua kuna makaa mle," Nchagwa akaendelea. "Ufunguo ulikuwa mfukoni mwako. Mtu amekwambia kuna moto na mzee anagonga. Ulirudi ukakaa. Kwa nini?"

Ogalo alimtazama Inspekta, si Nchagwa. Alizungumza kama mtu anayeeleza jambo ambalo mwenzake mwenye cheo ataelewa.

"Mgeni wa heshima alikuwa mstari wa mbele. Wimbo una beti nne. Ungeukata vipi?"

Inspekta akasema polepole, "Nchagwa, haya maelezo ya msichana. Umeonyesha mtu mwingine?"

"Hapana, Afande. Nimeyaandika tu kwenye kitabu cha matukio. Ukurasa wa mia na nne."

Kurasa za kitabu kile zina namba, na kila mwisho wa mwezi mkubwa kutoka Kisumu huja kuzihesabu. Inspekta alizijua kurasa hizo kuliko alivyojua sheria. Uso wake ulipita njia ndefu, kisha ukafika. Akavuta faili la Jumatano, akakata jina la juu kwa wino.

"Bwana Ogalo," akasema, "toa mkanda. Na viatu. Na tai pia, tafadhali, ndiyo utaratibu."

Nchagwa akachukua funguo akaenda selo. Mochama alisimama bila kutumia mikono, kwa kuegemea ukuta na mgongo.

"Unatoka," Nchagwa akamwambia. "Utakuja tena kama shahidi."

"Na mzee, wamemzika?"

"Kesho. Kwake, karibu na Asumbi."

Kwenye kaunta konstebo alikuwa ameshafungua daftari la kutoa mahabusu. "Atie sahihi hapa," akasema. Akaitazama mikono ya Mochama, akalitazama daftari. "Lazima, Sajini. Bila sahihi hatoki."

Nchagwa akachukua kalamu. "Nitakuandikia jina, na chini yake langu."

"Andika," Mochama akasema. "Halafu uniambie lori la Asumbi linaondokea wapi."

"Kwako ni Suna. Mkeo anakusubiri."

"Suna nitakwenda baada ya kesho. Mzee yule alikufa akigonga, na aliyemsikia ni mimi tu. Lazima watu wa kwake waambiwe kwamba alisikika."

Nchagwa akaandika jina la Mochama, akaandika lake chini, akamfungulia mlango.